Kipande Kimoja, Mtu Mmoja

Reykjavik, Iceland
Jumapili, Agosti 1996

Kwako Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, na kwa moyo usiotulia. U hali gani? Goti lako la kulia linakuruhusu kushuka mpaka mtoni, au bado unamtuma dada yangu Rispa? Mvua imewaachia nafasi ya kukausha mahindi? Mimi mwilini ni mzima: nakula, nalala, nafanya kazi. Nimeanza na mwili kwa sababu najua ndilo swali lako la kwanza, na kwa sababu mengine nitakayoyaandika hayana uzima wa namna hiyo.

Naomba Mwalimu Selina akusomee barua hii yote bila kuruka mstari, nawe uifuatishe kwa macho kama ulivyoifuatisha ile ya mwezi wa Mei. Lakini kabla hajaendelea, jambo moja litangulie. Ikiwa mtoto wa Rispa hajachanjwa chale, asichanjwe. Sababu ziko hapa chini, ila katazo hili lisingoje sababu.

Kama ujuavyo, nililetwa huku kwa miezi sita, pamoja na wenzangu wa nchi nyingine, kujifunza namna ya kutafuta mvuke uliofungiwa chini ya ardhi, kazi ileile niifanyayo Naivasha. Mafunzo yanaendelea vizuri. Baridi ya Agosti hapa ni kama ya alfajiri ya Julai kwetu pembeni mwa msitu, tofauti ni kwamba ya huku haiondoki jua likipanda. Maji moto ya bombani yanatoka ardhini na harufu yake ya yai bovu. Siku za kwanza nilisita kunawa uso, sasa nimezoea kiasi kwamba nahofia nitakaporudi nitayaona ya kwetu yamepungukiwa na kitu. Tunakula samaki na viazi, viazi na samaki. Obusuma, ugali wetu wa nyumbani, nauona ndotoni tu.

Jumatatu iliyopita tulikuwa maabara tukipasua mawe tuliyoyaokota kwenye mlima mmoja wa kusini. Miongoni mwake lilikuwamo jiwe jeusi la kioo, ndugu kabisa wa jiwe lako la kuchanjia wagonjwa. Nilikwisha kukueleza linavyozaliwa: uji wa moto hutoka mlimani ukapoa upesi mno, kabla chembe zake hazijapata wasaa wa kujipanga. Ndiyo maana halina punje ndani yake, na ndiyo maana likipasuka huacha ukingo mwembamba kuliko wembe. Nilipiga pigo moja, kipande kikaruka, nami nilipokiokota kikanikata kidoleni. Sikusikia maumivu yoyote. Niliiona damu kwanza, kidonda nikakiona baadaye.

Maabara hiyo inasimamiwa na mama mmoja wa makamo aitwaye Sigga, asiyecheka ovyo. Alikuja na koleo ndogo, akakichukua kile kipande, akakitumbukiza ndani ya kopo la manjano lenye mfuniko usiofunguka.

“Lakini hicho ndicho kizuri kuliko vyote,” nilimwambia. “Bado ni kikali.”

“Kina damu yako,” akasema. “Sasa ni chako. Hatakishika mwingine.”

“Nitakiosha.”

“Utaosha unachokiona.”

Akanifunga kidole, akarudi kwenye darubini yake. Kwake jambo lilikuwa limekwisha. Mimi nilibaki nimesimama pale, kwa maana maneno hayo nilikwisha kuyasikia zamani, kwa lugha nyingine.

Unakumbuka mwaka ule bandama iliponivimba? Sikuwa nimeanza shule. Kukhu, bibi yangu, alinilaza kwenye mkeka, akaliweka jiwe juu ya paji la uso wangu. Lilikuwa baridi kama kitu kilichotolewa kisimani. Aliliacha mpaka likapata joto, akasema, “Limekunywa.” Kisha akaligonga ukingoni kwa kokoto ya mtoni, kipande kimoja chembamba kikaanguka juu ya jani la mgomba, na kwa kipande hicho akanichanja mistari midogo chini ya mbavu za kushoto. Wewe ulikuwa umeishika mikono yangu. Alipomaliza, akakifunga kipande ndani ya jani ili akakitupe shimoni chooni. Mimi nililia, na nilichokililia hakikuwa kidonda bali kile kipande, kwa kuwa kiling'aa. Nilitaka kuchezea.

“Hapana,” Kukhu aliniambia. “Hiki kimekujua wewe. Kikimjua na mwingine, mtagawana ugonjwa. Kipande kimoja, mtu mmoja.”

Siku hizo jiwe lilikuwa kubwa kama ngumi ya mwanamume. Nilipoondoka nyumbani mwezi wa Aprili lilikuwa kama yai la kuku. Huko kupungua kwake ndiko kulikokuwa daftari la watu wote mliowahi kuwachanja, yeye na wewe baada yake, ingawa sikulisoma hivyo. Nilipokuwa chuo kikuu niliandika insha kuhusu uganga wa bibi zetu, nikaeleza kwa ufundi mwingi kwamba kitendo cha kukitupa kipande chooni ni ishara tu, namna ya kuuzika ugonjwa mbele ya macho ya mgonjwa ili moyo wake utulie. Nilisifiwa kwa insha hiyo. Leo nadhani Kukhu alikuwa akifanya jambo lilelile alilofanya Sigga, na kwamba mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikizungumza habari za ishara. Hata hapo nasema nadhani. Huenda yalikuwamo yote mawili, na yeye hakuona haja ya kuyatenganisha.

Sasa nifike kwenye barua yangu ya Mei, ile uliyoibandika mlangoni.

Niliandika kwamba jiwe halikuanguka na radi kama tulivyolelewa tukiamini, bali lilitoka kwenye milima ya moto ya Bonde la Ufa, upande wa Naivasha, likasafirishwa kwa miguu na watu tusiowajua mpaka likafika Shinyalu. Hilo nililiandika kwa uthabiti kuliko ilivyostahili. Kile kibanzi ulichoniruhusu kuja nacho kinafanana na mawe ya huko. Kufanana si kutoka, na nilipaswa kuliandika neno “huenda” mahali nilipoandika “hakika”. Niliandika pia kwamba moto uliolizaa jiwe haukuacha kijidudu hata kimoja ndani yake. Hilo ni kweli, lakini ni kweli ya siku lilipozaliwa. Haisemi lolote kuhusu siku lilipopita kwenye ngozi ya mtu wa Shinyalu. Na mwisho niliandika sentensi ambayo wiki hii nzima nimekuwa nikiirudia: “Tafadhali Mama, usilivunje tena hata kidogo, kwa kuwa ni ushahidi wa thamani kubwa.”

Nilikuwa nafikiria utafiti wangu. Niliona jiwe linakwisha, nikataka nilikute zima nitakaporudi, nilipime, nilichore, niliandikie. Wagonjwa wako hawakunipitia akilini. Niliandika kana kwamba jiwe limekaa kabatini.

Jumatatu hiyohiyo, nikiwa bado na kidole kilichofungwa, nilipokea barua ya Eliud. Najua mdogo wangu huandika kwa furaha, na barua yake yote ilikuwa ya furaha. Naunukuu ukurasa mmoja ili ujue nilichokisoma:

“Dada, Mwalimu Selina aliisoma barua yako kwenye mkutano wa akina mama, akaitafsiri, watu wakapiga makofi. Mama ameitia ndani ya karatasi ya nailoni, ameibandika mlangoni mvua isiiguse. Sasa wanakujanga hata kutoka Kabras na Matungu, wale wakata miwa wenye migongo mibovu. Usijali juu ya jiwe lako. Tangu barua ifike Mama hajalivunja hata mara moja, anatumia kipande kilekile cha mwisho. Akimaliza mtu anakisuuza kwa maji na majivu, anakirudisha kikoponi. Yuko mmoja wa Kabras aliyefiwa na mke, mwenyewe amekonda mpaka suruali anafunga na kamba. Huyo amekuja mara tatu na Mama anamhurumia sana. Jumamosi ijayo ni zamu ya mtoto wa Rispa, bandama imemvimba kama yako ya zamani. Kidole gumba cha Mama kimejaa mikato, lakini anasema hiyo ni alama ya kazi.”

Niliisoma nimesimama mlangoni, koti mwilini. Barua ilikuwa imekaa njiani siku kumi na mbili. Hiyo “Jumamosi ijayo” ilikuwa imekwisha kupita.

Ndipo nilipokwenda posta kupiga simu kwenye duka la mbolea na mbegu la Baba Sifa, pale sokoni Shinyalu. Wewe ulisikia sehemu yako. Ngoja nikupe na ya mwanzo, maana hata katika hofu ile ilinichekesha, nami nilihitaji kucheka.

“Daktari wa mawe!” alipaza sauti kana kwamba ananiita kutoka ng'ambo ya soko. “Umetuletea wagonjwa mpaka benchi langu limevunjika mguu! Wanakujanga kuuliza njia, wanakaa, hawanunui hata msumari!”

“Baba Sifa, tafadhali, mwite Mama. Ni haraka. Nitapiga tena baada ya saa moja.”

“Haraka ya nini? Huko mlima umelipuka?”

“Mwite tu, Baba.”

“Haya. Lakini ukirudi uniletee jiwe langu. La kuponya wadeni.”

Nilipopiga mara ya pili, wewe hukunisalimu. Uliuliza, “Trufosa, nani amekufa?”

“Hakuna aliyekufa, Mama. Mtoto wa Rispa umekwisha kumchanja?”

“Bado. Alikuwa anaendesha, na mtoto mwenye tumbo bovu hachanjwi. Kwani nini?”

“Usimchanje. Kile kipande kimepita kwa watu wengi.”

Nilisikia mtu dukani akibishana juu ya bei ya mbegu, na kuku akifukuzwa. Kisha ukasema, polepole, “Wewe ndiye uliyesema nisivunje.”

“Ndiyo, Mama. Nilikosea.”

“Ulikosea Mei, au unakosea sasa?”

Hukuningoja nijibu. Ulisema, “Mimi barua yako iko mlangoni kwangu. Watu wameipigia makofi. Leo nikawaambie nini, kwamba simu imesema? Simu haina hata mhuri. Kama unaikana, mwanangu, ikane kwa kalamu. Nitakungoja Jumamosi mbili. Homa ikimpanda mtoto kabla ya hapo, sitasimama kutazama barabara ya posta.”

Nilikuwa nafungua mdomo nikueleze, kadi ya simu ikaisha. Siku zilizofuata nilijaribu mara tatu, laini haikushika. Kwa hiyo naikana kwa kalamu. Naituma kwa njia ya haraka kuliko zote zilizopo hapa, na kila nikiandika mstari nazihesabu hizo Jumamosi.

Sasa swali lako. Nilikosea Mei. Huenda na leo nakosea mahali, na ni haki yako kujua ni wapi. Sijui kama yule bwana wa Kabras ana ugonjwa huu unaopita kwenye damu na kutuua. Kukonda si ushahidi, na kufiwa si ushahidi; mtu anaweza kukonda kwa kifua, kwa njaa, kwa huzuni. Nakusihi mtu yeyote asimnyooshee kidole kwa sababu ya barua yangu, wala asifukuzwe mlangoni. Tena sijui damu huweza kukaa muda gani kwenye ukingo mwembamba kiasi kile ikabaki na madhara, wala majivu huondoa nini na kuacha nini. Nimemwuliza Sigga, akasema yeye hupima mawe, watu hawapimi. Huenda hakuna aliyeumia. Ningetoa chochote niweze kuandika “hakika” kwenye sentensi hiyo.

Ila mashaka yangu safari hii hayakai katikati, Mama. Nikiwa nimekosea kwa kukuzuia, mtoto atakuwa amekosa chale na kupata dawa ya hospitali. Nikiwa nimekosea kwa kukuruhusu, sitaweza kuandika barua nyingine ya kuikana hiyo.

Kwa hiyo naomba haya, nikijua ninamwomba mama yangu na simwagizi. Kipande hicho kilicho kikoponi kifungwe ndani ya jani, kikatupwe shimoni leo, kama alivyokuwa akifanya Kukhu. Eliud amchukue Rispa na mtoto mpaka hospitali ya Kakamega, damu ya mtoto ipimwe malaria, na dawa watakazopewa zimalizwe zote, si mpaka homa ishuke tu. Barua ya Mei ibanduliwe mlangoni. Na hii isomwe mbele ya akina mama walewale, Mwalimu Selina akiitafsiri kwa sauti ileile, ili wote waliochanjwa tangu Mei wajue na waende wakapimwe damu. Usijitetee mbele yao. Waambie tu kwamba binti yako alikosea, kwa sababu ndivyo ilivyo.

Limebaki moja, nimelizunguka kurasa zote hizi. Kidole gumba chako. Mikato hiyo ni mlango, Mama, na kila aliyechanjwa tangu Mei amepita karibu nao. Nakuomba nawe ukapimwe. Najua ninamwomba nini mwanamke wa umri wako, mjane, mwenye kiti chake kanisani. Ukiona huwezi kwenda peke yako, nitarudi Oktoba tuende pamoja, na nitakuwa wa kwanza kunyoosha mkono mbele yako. Lakini mpaka hapo usimchanje mtu.

Utaniuliza: vipi nikirudia sheria ya Kukhu, kipande kipya kwa kila mtu? Nimejiuliza usiku na mchana. Sheria yake ilikuwa bora kuliko yangu, hilo nakiri bila kusita. Hata hivyo haikukilinda kidole cha aliyekishika kipande, na sijui kama inatosha kwa nyakati hizi. Uliacha kuvunja kwa sababu nilikuomba, na labda kwa sababu uliogopa kwamba radi haitatuletea lingine. Naivasha mawe hayo yamezagaa njiani. Ninayakanyaga nikienda kazini. Ningeweza kukuletea gunia zima, na sijui kama nitafanya hivyo. Nikiandika “ndiyo” hapa, neno hilo nalo litatiwa ndani ya nailoni.

Lakini jiwe lenyewe usilitupe. Endelea kuliweka kwenye paji la uso la mgonjwa, kama alivyoniwekea Kukhu, likae mpaka lipate joto, kisha mpeleke hospitali. Sina chombo cha kupima kinachotokea hapo. Mimi nilipona, na hadi leo sijui kilichoniponya ni zile chale au ni vidonge ambavyo marehemu Baba alivileta kutoka zahanati akanisagia na sukari. Ninachokijua ni kwamba jiwe lilipokaa usoni pangu niliacha kuogopa. Kwa hilo halikuhitaji kumkata mtu.

Nisalimie Eliud, mwambie sikukasirishwa na barua yake, iliniambia ukweli kwa kuwa haikujua inasema nini. Msalimie dada yangu Rispa, na umwambie anisamehe kwa kumtia hofu nikiwa mbali. Mbebe somo wangu, huyo mtoto mliyempa jina langu, umbusu ubavu wa kushoto. Mwalimu Selina namshukuru kwa sauti yake, na namwomba asiilainishe. Baba Sifa mwambie dawa ya wadeni bado inatafutwa.

Na ikiwa barua hii imekuta Jumamosi ya pili imepita na mtoto ana alama mbichi ubavuni, msinifiche, wala wewe usijifiche. Mpelekeni vilevile. Kosa hilo liandikwe kwa jina langu.

Ni mimi mwanao, uliyenishika mikono siku ile Kukhu alipovunja kipande kipya kwa ajili yangu peke yangu,

Trufosa